Fundi Asikohoe

Mwezi mzima nyumba ile ilikuwa na kazi moja tu: kumzuia Fundi asikohoe. Magodoro yaliendelea kuletwa na kuchukuliwa kama kawaida, lakini hayo yalikuwa mambo ya pembeni. Fundi akikohoa mara moja, mkewe aliinua kichwa. Akikohoa mara ya pili, mkewe aliweka kazi chini akaenda kumpashia maji na kuyatia asali. Ya tatu haikufika, kwa sababu Fundi mwenyewe alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja na kutoka nje. Mtu aliyekula chumvi kiasi kile hapendi kugombezwa kwa kikohozi chake mwenyewe.

Mkewe watu walimwita Bi Sindano, kwa ile sindano ndefu ya kushonea magodoro aliyoichomeka kwenye kilemba asubuhi na kuichomoa wakati wa kulala. Yeye ndiye aliyetaka mwezi ule upite salama kuliko mtu yeyote. Binti yao wa mwisho, Kitinda, alikuwa ng'ambo na mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye wiki nzima hulala barabarani. Mimba yake ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake bafuni. Alimpigia mama yake simu, na mama yake akakaa kwenye kigoda akasikiliza yote mpaka mwisho, bila kuweza kumpa hata glasi ya maji. Sasa Kitinda alikuwa na mimba nyingine, ya miezi sita, na Bi Sindano alikuwa ameapa kwamba hii hataisikiliza kwenye simu.

Makaratasi ya kuwaita wazazi wote wawili, katika faili moja, yalikuwa yamekwisha kupita kila mlango. Kilichobaki ni kupimwa afya kwenye kituo cha wasafiri, na kituo kile, kila mtu alisema, kinatafuta kitu kimoja tu, nacho ni kifua.

Aliyesema kuliko wote alikuwa mdogo wake Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Najua kwa kuwa hapakuwa na habari ambayo hakuianza kwa neno hilo. Najua aliwahi kumsindikiza rafiki yake kupimwa. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka rafiki akatoka, na tangu siku ile akawa daktari. Akaagiza Fundi anywe maziwa asubuhi, ale mayai, aache sigara yake ile moja ya baada ya kula, na asishike fimbo ya kupigia pamba hadi siku ya kipimo ipite. Halafu akaja na mazoezi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kukumbatia kabati. Fundi alivua shati, akaweka mikono kiunoni, viwiko mbele, kidevu juu, kifua kikiwa kimegandamana na mlango wa kabati la nguo, maana Najua alijua kwamba ndivyo mtu anavyosimamishwa kwenye mashine ya picha. Kisha anaambiwa avute pumzi na kuishika. Fundi aliishika mpaka macho yakamtoka na mlango wa kabati ukaanza kulia. Bi Sindano alicheka pale alipokuwa amesimama, bila sauti, mabega tu yakitikisika. Ndivyo alivyocheka siku zote.

Fundi alipoachia pumzi aliuliza kama mkewe naye hahitaji kufundishwa. Najua alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Huyu shemeji yangu ni chuma," alisema. "Umewahi kumsikia akikohoa hata siku moja?"

Na kwa kweli hakuna aliyewahi. Fundi alifikiri, akakubali, akavaa shati lake.

*

Sasa nieleze kazi yao, maana bila kuijua kazi yao mtu atawaona wajinga, na hawakuwa wajinga. Mteja huleta godoro lililolala bapa. Fundi hulifumua uani, hutoa pamba au sufi iliyoshikana mabonge, huipiga kwa fimbo mbili mpaka ichanue, na vumbi la miaka ya usingizi wa watu humpanda usoni. Hapo kazi ya Fundi inaishia. Bi Sindano huichukua sufi ile na kuingia nayo katika chumba cha kujazia, hufunga dirisha na mlango, huketi chini na kujaza mfuko mpya, kona kwanza, halafu kingo, halafu tumbo. Mara nyingine Fundi akichoka, mkewe hupiga. Mke akiumwa mgongo, Fundi hujaza. Godoro likitoka pale, mteja halali akijiuliza ni mkono wa nani uliojaza kona ipi. Limejaa, basi. Waliishi hivyo tangu ujana wao, mmoja akimalizia alipoachia mwenzake, na walikuwa hawajui tena namna nyingine ya kuishi.

Katika chumba cha kujazia sufi haipendi upepo. Ni nyepesi mno. Mtu akipiga chafya, kazi ya asubuhi nzima huenda darini. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, ndiye aliyemfundisha Bi Sindano alipoingia nyumba ile akiwa mwali: humu hatukohoi, humu hatupigi chafya, humu hata kucheka tunacheka kwa mabega. Kikohozi kikija unakikaba kooni, unameza mate, unakirudisha kilikotoka. Mwanzoni machozi yalimtoka kwa kujizuia. Baadaye akazoea. Miaka ilivyozidi kwenda, kikohozi chenyewe kikaacha kubisha hodi, na akasahau kwamba alipata kuwa nacho.

Kwa hiyo mwezi ule, Fundi alipokatazwa vumbi, Bi Sindano alichukua fimbo mbili akapiga uani, kisha akaingia ndani akajaza. Hakulalamika. Gauni zake mbili alikuwa ameshazipunguza ubavuni kwa sababu zilimpwaya, na alfajiri aliamka shuka limelowa jasho, lakini alisema ni kazi, na nani angebisha? Kazi ilikuwapo. Jioni, alipomaliza ya wateja, alitoa mfuko mdogo wa kitambaa cha mistari ya njano na kuendelea kuujaza sufi aliyoichagua uzi kwa uzi. Kilikuwa kigodoro cha mjukuu. Alipanga kukisafirisha ndani ya begi lake, na kwa ajili yake alikuwa tayari kuacha viatu.

*

Siku ya kipimo walioga mapema, wakavaa nguo za kwenda harusini. Kituo kilikuwa na sakafu inayong'aa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja ili mtu asivisogeze. Kila aliyeingia alipewa namba, na kuanzia hapo aliitwa kwa namba hiyo. Fundi hakuipenda. Alinong'ona kwamba hata magodoro ya wateja wao yana majina. Mkewe alimkanya kwa kiwiko.

Nesi mmoja kijana, mwenye sauti ya taratibu, aliwasomea maswali kutoka kwenye karatasi. Umewahi kuugua hiki, umewahi kuugua kile, una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili? Bi Sindano alisema hana, na alisema kweli kwa jinsi alivyojijua. Fundi alitazama dari, akasema hana. Nesi aliandika. Kisha wakapimwa uzito, wakatolewa damu, wakakojoa kwenye vikopo, wakaamriwa kuvua na kuvaa makoti ya kijani yanayofungwa nyuma. Bi Sindano, ambaye hata mumewe humgeuzia kisogo akibadili nguo, alitembea kwenye ujia ule akiwa ameshikilia koti kwa nyuma kwa mikono miwili.

Kwenye picha Fundi alikuwa bingwa. Alisimama alivyofundishwa, akashika pumzi kuliko ilivyohitajika, mpaka mpiga picha akamwambia, mzee, pumua, tumemaliza zamani. Alitoka akitabasamu. Bi Sindano naye aliingia, akatoka, akaitwa tena. Mpiga picha alisema anataka nyingine ya ubavuni, huenda amejitikisa. Hakuwa amejitikisa. Yeye alikuwa mtu wa kukaa bila kutikisika saa nzima.

Waliketi wakingoja huku namba za wengine zikiitwa, hadi viti vyote vikabaki vitupu. Daktari alipofungua mlango na kuwaita ndani, Fundi alisimama kwanza, akaanza kujieleza, kwamba kama ni kifua, yeye alikuwa na mafua madogo tu wiki iliyopita.

"Wewe huna tatizo, mzee," daktari alisema. "Ni mama."

Aliwaonyesha picha kwenye kioo chenye taa. Juu ya pafu la kulia palikuwa na wingu dogo jeupe, sufi tupu, kama kibonge kilichosahauliwa kuchambuliwa. Fundi alilitazama wingu, akamtazama mkewe, akalitazama tena. Daktari alieleza kwa subira. Huenda ni kovu la zamani. Huenda ni vumbi la kazi. Huenda ni kifua kikuu, na kama ni hicho kinatibika, lakini hawawezi kumruhusu mtu asafiri mpaka wajue. Njia ya kujua ni makohozi, yanayotoka ndani kabisa kifuani, asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kula. Yataoteshwa maabara miezi miwili, waone kama kuna vijidudu vitakavyoota. Yakiwa safi, wanaondoka.

Bi Sindano alihesabu kwa vidole chini ya mtandio. Miezi miwili, na Kitinda amebakiwa na mitatu. Bado walikuwa wanawahi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama makohozi hayo yanaweza kuanza kutolewa kesho.

Nyumbani Najua aliwasubiri na soda za kusherehekea. Alipoambiwa, alifungua mdomo ili aseme anajua, akaufunga.

*

Mahali pa kutolea makohozi palikuwa nyuma ya jengo, kwenye kibanda kisicho na ukuta mmoja ili upepo upite, na benchi la saruji. Yule nesi wa sauti ya taratibu alisimama hatua chache pembeni, barakoa usoni, akimtazama. Alimpa kikopo chenye kifuniko cha bluu na kumwelekeza: vuta pumzi ndefu mara mbili, ya tatu kohoa kutoka chini, tumboni, usione haya.

Bi Sindano alivuta pumzi mara mbili. Ya tatu ilifika kooni, ikakabwa, ikamezwa. Alijaribu tena. Koo lake, lililofundishwa kazi moja miaka yote ile, likafanya kazi yake. Kilichotoka kilikuwa mate meupe ya mdomoni. Nesi alinyanyua kikopo kwenye mwanga, akatikisa kichwa, akamwambia kwa upole kwamba haya ni mate, mama, maabara watayamwaga. Nyuma yao watu wengine watatu wenye vikopo walingoja zamu, wakimtazama jinsi watu wanavyomtazama mtu anayechelewesha foleni.

Siku ya pili nesi alimvutisha mvuke wa maji ya chumvi kwenye mashine inayonguruma. Alimgonga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa. Alimwambia amtukane mtu kimoyomoyo, maana hasira husaidia. Bi Sindano alitafuta wa kumtukana akakosa. Alijaribu mpaka kilemba kikamwanguka na sindano ikalia kwenye saruji, na nesi akashtuka kuona chuma chenye urefu ule kikitoka kichwani kwa mtu. Walicheka kidogo, wote wawili, mmoja nyuma ya barakoa na mwingine kwa mabega. Kikopo kilibaki na mate.

Nesi aliwaambia ukweli. Asubuhi iliyobaki ni moja. Wakikosa, daktari atafunga zoezi na kuwarudisha kwenye orodha ya kungoja, na orodha hiyo ni ndefu. Haikuhitaji kuhesabu kwa vidole tena.

Jioni ile Kitinda alipiga simu. Mama yake alimwambia kwamba wanataka kuangalia kitu kidogo tu, hakuna neno. Kitinda akasimulia kwamba mtoto anacheza upande wa kushoto, na kwamba amenunua kitanda lakini hajanunua godoro kwa sababu anamjua mama yake. Bi Sindano alisema, usinunue. Alipokata simu alikwenda mbele ya kabati la nguo, akaegemeza paji la uso kwenye mlango, akavuta pumzi mara mbili. Ya tatu akaimeza.

"Siwezi, Fundi," alisema. "Kipo, nakisikia kabisa, lakini siwezi kukitoa."

Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amenyamaza tangu asubuhi, na Fundi akinyamaza ujue anachambua kitu. Akaanza taratibu. Yeye, si wamesema wenyewe ni safi? Picha yake wameisifu. Na yeye kikohozi anacho, amekizuia mwezi mzima, kimejaa hadi hapa. Wale wa kituoni wanataka kohozi, hawana shida na mtu. Sasa tofauti iko wapi?

Bi Sindano aliuliza kama huo si uongo.

"Uongo wa nini?" Fundi alisema. "Tangu lini mimi na wewe tukagawana kazi? Ukichoka najaza mimi. Hii nayo umechoka."

Bi Sindano alijua kuna kitu hakijakaa sawa, kama kona ya godoro iliyojazwa haraka, lakini alipokitafuta mahali kilipo hakukiona. Aliona bafu la ng'ambo tu, na binti yake sakafuni, na simu. Akapanda kitandani. Ukimya wake Fundi akauchukua kuwa ndiyo.

*

Asubuhi ya tatu kulikuwa na umati. Kundi zima la wafanyakazi wa mashambani, walioitwa na kampuni moja, lilijaa uani, na nesi yuleyule mmoja alikuwa na vikopo kumi mikononi. Fundi aliomba ruhusa ya kukaa karibu na mkewe kwa sababu mama amekosa usingizi na anaweza kuanguka. Nesi aliruhusu. Alikuwa ameshawazoea.

Bi Sindano alivuta mvuke. Alivuta pumzi mbili. Safari hii kitu kilipanda, alikisikia kikipanda, kizito, kikafika mahali ambapo hakijawahi kufika. Akainama juu ya kikopo. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, huyu bibi bado tu? Koo likafunga. Akameza.

Hapo nesi aliitwa upande wa pili wa kibanda, ambako kijana mmoja alikuwa amemwaga kikopo chake. Aligeuza mgongo. Fundi alikichukua kikopo mkononi mwa mkewe, taratibu, kama anavyopokea fimbo uani akiona mwenzake amechoka. Mkewe aliachia vidole. Na hilo ndilo alilokuja kulikumbuka baadaye kuliko yote, kwamba Fundi hakumnyang'anya. Vidole aliviachia yeye.

Fundi alikohoa. Masikini, alidhani atakohoa mara moja, kwa adabu, kiasi cha kikopo. Lakini kile kilikuwa kikohozi cha mwezi mzima, cha maziwa na asali na viganja mdomoni, na kilipofunguliwa mlango kilitoka chote. Alikohoa mpaka akapiga magoti, kikohozi kinene cha mwanaume, kinachosikika mpaka barabarani. Nesi aligeuka. Alimwona Fundi amepiga magoti na kikopo mdomoni, na Bi Sindano amekaa wima kwenye benchi, midomo imefungwa.

Nesi alikuja, akavaa glovu mpya, akakitwaa kikopo. Kilikuwa na kohozi zuri, zito, lile hasa walilolitafuta siku tatu. Alikifunga kifuniko cha bluu na kukishika mbali na mwili wake.

"Mama, kwa nini?" alisema. "Mimi ningekungoja mpaka mchana."

Bi Sindano aliinama kama anayeokota mtandio wake, ingawa haukuwa umeanguka.

*

Daktari hakuwafokea, na ingekuwa heri angefoka. Aliketi na faili lao mbele yake, akavua miwani, akasema hili lazima aliandike. Watu walimwona Fundi, wafanyakazi wa kituo walimwona, na kamera iko pale juu. Akiliacha, kesho atafukuzwa yeye. Fundi alijitetea kwa sauti ya chini. Alisema ni mke wake. Alisema cha mke wake ni chake. Alieleza habari za magodoro, nani anapiga na nani anajaza, na jinsi mteja asivyouliza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe maneno yakipwaya.

"Kila mtu ana kifua chake, mzee," daktari alisema, na akaandika.

Kisha akamwuliza kuhusu hicho kikohozi, kilianza lini, na kwa nini siku ya kwanza aliulizwa akasema hana. Fundi hakuinua macho. Daktari akaandika na hilo. Alipomaliza aliwaambia waende hospitali ya kawaida, wote wawili, wapimwe na kutibiwa, wasikae. Alisema kwa nia njema. Lakini Bi Sindano alikuwa anamsikia kwa mbali, kwa sababu alikuwa anauliza swali lingine, na alilirudia mara mbili kabla ya kusikika. Aliuliza kama anaweza kubaki, akohoe sasa, yeye mwenyewe, mbele yao. Alisema leo kilikuwa kimefika hapa, na akaonyesha kwa kidole mahali kilipofika. Daktari alivaa miwani yake akasema faili limeshafungwa.

Barua ya majibu ilikuja haraka kuliko walivyozoea. Ilikuwa fupi. Maombi yamekataliwa kwa kutoa taarifa za uongo, na hawataruhusiwa kuomba tena mpaka ipite miaka ambayo, kwa umri wao, haikuwa na maana ya kuitaja. Najua aliisoma kwa sauti, akaikunja vizuri, akasema labda kuna mtu anayemjua. Hakuna aliyemwuliza ni nani.

Kitinda aliambiwa siku hiyohiyo. Bi Sindano alikuwa amejiandaa kwa kilio, akajikaza kisabuni, akaweka simu sikioni. Kitinda hakulia. Maji yalisikika yakitiririka mahali fulani nyumbani kwake, kisha akaanza kuwabembeleza wao. Aliwaambia wasijilaumu, wanawake wengi huzaa peke yao, na hospitali ya huko ni nzuri.

"Na godoro msijali, mama," alisema. "Yapo madukani."

*

Bi Sindano hakurudi kwenye kazi za wateja wiki ile. Fundi alimwambia watakwenda hospitali Jumatatu, halafu Jumatatu ikapita, maana walikuwa hawajapata nguvu ya kukaa tena kwenye viti vya kungoja. Siku moja, baada ya chai ya asubuhi, Bi Sindano aliingia chumba cha kujazia, akafunga dirisha, akafunga mlango, akaketi chini. Kigodoro cha mistari ya njano kilikuwa palepale, mdomo wazi, kona zimejaa, tumbo bado. Alichukua sufi kiganjani, akaanza kukijaza, ingawa hakuwa na mahali pa kukipeleka.

Kilianza kama mtekenyo. Koo lilifunga, kama kawaida, naye akameza, kama kawaida. Kikarudi. Akameza tena. Mara ya tatu koo lilikataa, na kile kitu ambacho nesi alikigonga mgongoni, ambacho mvuke ulikiomba na chumvi ikakiomba, kikapanda chenyewe. Alikohoa. Sauti ilimtisha, hakuijua kuwa ni yake. Alikohoa tena na tena, ameshika magoti, na sufi ikainuka kutoka kwenye kigodoro, kutoka sakafuni, kutoka kwenye magunia, ikajaa chumba mpaka ukuta wa pili haukuonekana.

Fundi alisikia akiwa uani. Kwanza hakuelewa ni nani anayekohoa ndani ya nyumba yake, akaangalia kama kuna mgeni. Kisha akatupa fimbo na kukimbia, akanyakua njiani kitu cha kwanza alichokiona, kikombe cha chai kilichokuwa mezani, akamwaga kilichobaki, akasukuma mlango. Alipiga magoti ndani ya sufi, akamshika mkewe kichwa kwa mkono mmoja na kumwekea kikombe mdomoni kwa mwingine. Akamwambia atoe, atoe tu, asimeze. Bi Sindano alitoa.

Kilipotulia walitazama ndani ya kikombe. Kilikuwa chenyewe hasa, kizito, kutoka chini kabisa, na ndani yake palikuwa na uzi mwembamba mwekundu. Sufi ilikuwa inashuka polepole juu ya nywele zao na mabega. Fundi alichukua kisahani akakifunika kikombe, kama mtu anayehifadhi kitu atakachokuja kuulizwa, akasimama nacho mlangoni.

"Unakipeleka wapi?" mkewe alimwuliza.

Fundi alitazama uani, akatazama barabara ya kwenda kituoni, ambako faili lao lilikuwa limeshafungwa, akarudi akaketi chini karibu naye, kikombe kikiwa mikononi.